Nilivyojifunza BASIC Juu ya Bucha ya Ruiru

Mtu akiniuliza nilisomea wapi kompyuta, namwambia nilisomea ndani ya moshi wa mbuzi. Simtanii. Chuo chetu cha jioni kilikuwa chumba kimoja juu ya bucha pale Ruiru, si mbali na stesheni ya reli, na moshi wa choma ulipanda kwa ngazi zilezile tulizopanda sisi wanafunzi, tena ulifika darasani kabla yetu. Hadi leo nikipita mahali mbavu zinachomwa, vidole vyangu huanza kutafuta kibodi.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nimeajiriwa Thika, Eneo la Viwanda, kwenye kiwanda cha misumari. Kazi yangu ilikuwa kupakia. Misumari inamwagika kutoka kwa mashine, sisi wapakiaji tunaijaza kwenye katoni, tunapima, tunafunga, tunasukuma mbele. Kelele za mle ndani zilikuwa za kutisha. Nina hakika watu wa Murang'a walizisikia wakaanika nguo ndani wakidhani ni mvua ya mawe. Tuliongea kwa mikono kama mabubu, na nikifika nyumbani Mwihoko mke wangu alikuwa ananikumbusha kwamba yeye yuko hapa hapa mezani, hayuko ng'ambo ya mto, nisimpigie makelele.

Sasa, habari mbili ziliingia kiwandani kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba kuna mashine ya kupakia inakuja kwa meli, na ikishafungwa, wapakiaji wote tutaenda nyumbani. Ya pili ni kwamba kompyuta imefika. Hii ya pili tuliiona kwa macho yetu. Iliwekwa katika ofisi ya afisa wa wafanyakazi, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni, na hakuna mtu aliyejua kuiamsha. Afisa mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya chini ambayo haikufaa kabisa kwa kiwanda kama kile. Siku moja alikuja kwenye laini yetu, akaamuru mashine izimwe ili tumsikie, akasema anataka mtu mmoja wa humu humu ndani wa kukaa na hiyo kompyuta. Hakutaka mtu wa cheti kutoka Nairobi atakayeitisha mshahara wa waziri. Yeyote atakayemwonyesha kabla ya Krismasi jambo moja la maana ambalo kompyuta inaweza kufanya, kiti ni chake.

Wenzangu walirudi kwenye misumari. Mimi nilibaki nimeshika katoni tupu. Nilikuwa na mtoto mmoja mgongoni kwa mama yake na mwingine njiani, na shamba la baba yangu lilikuwa limegawanywa kwa ndugu hadi sehemu yangu ikawa na upana wa mkeka. Nikirudishwa nyumbani, ni nyumba gani hiyo ya kurudishwa?

Jioni nikamwambia mke wangu kwamba nataka kusoma kompyuta. Aliacha kupepeta mchele akanitazama.

"Baba watoto, wewe hata redio hii inakushinda kutafuta stesheni," akasema. Halafu akarudi kwenye mchele wake. "Lakini nenda."

Ndivyo nilivyofika juu ya bucha. Mwalimu wetu alikuwa kijana kutoka Magharibi, mwembamba, shati lake limenyooshwa hata siku ambazo Ruiru nzima haikuwa na stima. Aliongea Kiswahili kilichonyooka kama shati lake. Siku ya kwanza alituambia tusiogope, kwa sababu BASIC ni lugha iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza, hata mtoto anaiweza. Nilimwuliza ni mtoto wa wapi huyo, maana wa kwetu nawajua. Darasa likacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mimi kucheka kwa muda mrefu.

Chuo kilikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikuwa imekufa, lakini mwalimu aliiweka pale ili chumba kisionekane kitupu. Ile hai tuliigombania kama maji ya mfereji. Kwa hiyo masomo mengi tuliyafanya bila mashine: mwalimu alitugeuza sisi wenyewe kuwa programu. Kila mwanafunzi alikuwa mstari, na kila mstari ulikuwa na namba yake, kumi, ishirini, thelathini, kwa sababu BASIC ya siku hizo ilitembea kwa namba za mistari. Mimi nikiwa mstari wa kumi kazi yangu ilikuwa kusema PRINT, yaani andika, kisha kutamka "Habari ya jioni." Mstari wa ishirini alikuwa mzee mmoja wa Majengo ya Thika, mwuza magodoro, mtu wa kofia safi na manukato, ambaye alikuja kujifunza ili ajue magodoro yaliyomo stoo bila kuwauliza wanawe. Yeye alipewa neno GOTO, yaani nenda, na kazi yake ilikuwa kuninyooshea kidole na kunirudisha mwanzo.

Nikasema habari ya jioni. Mzee akaninyooshea kidole. Nikasema tena. Akaninyooshea tena. Mwalimu alikuwa ameenda dirishani kukemea watoto waliokuwa wakirusha mawe, na sisi hatukuambiwa programu inasimama wapi. Tukaendelea. Sauti ilianza kunikauka. Mzee naye alibadilisha mkono uliochoka lakini hakukubali kuvunja sheria. Mwisho mwenye bucha alipanda ngazi na kisu chake mkononi, akasimama mlangoni, akauliza kwa adabu kama haya ni maombi na kama yataisha kabla hajafunga.

"Kijana," mzee akaniambia tukiteremka, "hii lugha ya watoto itatuua watu wazima."

Tangu siku hiyo tukawa wawili kwenye kibodi kimoja. Mimi nabonyeza, yeye ananisomea kutoka kwa karatasi. Vidole vyangu vilikuwa vimefundishwa na misumari, vilikuwa vinene kama ndizi za kupika, na kila nikibonyeza herufi moja nilibonyeza na majirani zake wawili. Mashine haikuwa na huruma. Iliandika Syntax error, ambayo mwalimu alitueleza ni kusema kwamba hukuipangia maneno sawasawa. Nilirudia. Syntax error. Nilirudia pole pole, nikishikilia pumzi. Syntax error. Nimefokewa na wasimamizi, na mama mkwe, na makanga wa matatu za Githurai, lakini sijawahi kufokewa na kitu kisichochoka namna hiyo. Mtu ukimkosea mara kadhaa anabadilisha tusi. Ile ilikuwa na tusi moja tu, na ilitosha.

Kosa lilikuwa nini? Nilikuwa nimesahau alama za kufungua na kufunga maneno. Mwalimu alikuja nyuma yangu, akaziweka, akaenda zake bila kusema lolote. Nilitamani anichape.

Programu yangu ya kwanza iliyokubali ndiyo iliyonitoa jasho zaidi. Niliiambia iandike jina langu, kisha irudi mwanzo. Jina langu likajaa kwenye skrini. Likajaa likaanza kupanda juu, lingine likija chini yake, na lingine, mbio kuliko macho. Kwa nukta moja nilijisikia mtu mkubwa. Halafu nikataka lisimame. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale. Jina langu likaendelea kupanda, watu wa ukoo wangu wote tangu kuumbwa kwa dunia hawajaitwa mara nyingi hivyo. Mzee wa Majengo aliniuliza kama nimejiroga. Mwalimu alikuwa ameteremka kununua soda. Nilifanya jambo la pekee nililolijua kutoka kiwandani: nikang'oa waya ukutani.

Mwalimu aliporudi skrini ilikuwa giza tupu, na kazi ya kila mtu wa jioni hiyo ilikuwa imepotea. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akanywa soda yake yote, kisha akanionyesha vitufe viwili tu vya kubonyeza pamoja wakati mwingine. Niliviangalia vitufe hivyo. Vilikuwa pale pale muda wote, chini ya mkono wangu.

Krismasi ilikuwa inakaribia. Kiwandani walianza kuvunja ukuta ili mashine ya kupakia ipate mahali pa kupita. Kila asubuhi nilikuta tundu limepanuka, na kila asubuhi nilihisi ni mimi ninayevunjwa.

Ndipo nikapata wazo la programu yangu ya kumwonyesha afisa. Ilikuwa rahisi na, kwa maoni yangu ya wakati huo, ilikuwa kitu ambacho Nairobi hawajawahi kukiona. Unaandika jina la mfanyakazi, kompyuta inakujibu anafanya kazi gani. Niliijenga kwa neno IF, ambalo ni ikiwa: ikiwa jina ni hili, jibu hivi, kisha simama. Mtu mmoja, mstari mmoja. Nilianza na watu wangu wa karibu, wapakiaji, wafagiaji, wapishi, madereva, nikapanda taratibu hadi ofisini, na wakubwa nikawaweka mwishoni kabisa, maana wao nilikuwa siwajui sana. Mwalimu aliipitia, akauliza kama majina ya watu hayataingiliana. Nilimcheka kwa heshima. Nikamwambia sikuweka jina moja moja, nimeweka jina la mtu na la baba yake. Mwalimu akasema sawa. Kwao Magharibi majina yana njia zao, na hakuwa na sababu ya kunitilia shaka mimi mwenye watu wangu.

Niliibeba programu Thika kwenye disketi, ile ya zamani, laini, pana kama chapati. Afisa alikubali niingie ofisini saa ya chakula cha mchana. Nikatoa kitambaa cha kufuma, nikakikunja vizuri, nikainama kutafuta tundu la disketi. Tundu la kompyuta ya kiwanda lilikuwa jembamba na dogo, la zile disketi ngumu mpya. Chapati yangu haikuingia kwa upana, haikuingia kwa urefu. Afisa alinitazama nikiigeuza geuza, akauliza kwa upole kama nitairudisha nyumbani nikaikate.

Bahati nilikuwa nayo yote kwenye karatasi, na BASIC yenyewe ilikuwamo tayari ndani ya kompyuta ile. Nikaomba ruhusa niandike upya. Nikaandika mstari kwa mstari, na misumari yote ya Thika ikiwa kimya kwa sababu ya chakula, na afisa akila viazi vyake nyuma ya shingo yangu. Mashine ilinifokea kama kawaida yake, nami nikairekebisha kama kawaida yangu. Mwisho ikakubali. Nikasimama, nikampisha kiti.

Aliandika jina la dereva mmoja na la baba yake. Ikajibu: DEREVA WA LORI. Akatabasamu. Akaandika la mpishi. Ikajibu: JIKONI. Akafuta mafuta ya viazi kwenye vidole, akakaa vizuri, na mimi nikaanza kujiona kwenye kiti kile, mbali na katoni, nikiongea kwa sauti ya chini kama yeye.

Halafu akaandika jina lake mwenyewe.

ANAFAGIA STOO.

Afisa aliinama karibu na skrini kama mtu anayesoma saa.

"Hii inasema mimi nafagia stoo."

"Si wewe, mkubwa. Ni yule mwingine."

"Mwingine yupi? Hili si jina langu?"

"Ni lako," nikasema. "Ni lake pia."

Na hapo ndipo kilinijia kitu ambacho kila mtoto wa kwetu anakijua kabla hajaota meno. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake. Baba akiwa fulani mwana wa fulani, mtoto anaenda kinyume, na mjukuu anarudi palepale babu alipokuwa, jina na jina la baba. Majina yanazunguka ukoo hadi ukoo, na kwa kuwa hayakuwa mengi tangu mwanzo, bonde moja linaweza kuwa na watu kumi wenye majina mawili yaleyale, bila undugu wowote. Nilikuwa nimeishi na jambo hilo maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu akichanganyikiwa. Ndiyo maana sikuliona. Mashine ilisoma kutoka juu, ikamkuta mfagiaji kwanza, ikasimama, kwa sababu mimi mwenyewe niliiambia isimame.

"Basi iambie inione mimi," afisa akasema.

Nilikaa. Nikaweka vidole juu ya kibodi. Kichwa changu kilikuwa kitupu, hakuna hata mstari wa kumi. Nilijua lazima kuna namna, kama vile vitufe viwili chini ya mkono wangu, lakini namna hiyo haikuja. Niliandika kitu. Syntax error. Nikaandika kingine. Jasho lilianguka kwenye kibodi, nikalifuta kwa mkono, na kwa kulifuta nikaandika herufi kama thelathini.

Afisa akanyanyua simu akaagiza mfagiaji wa stoo aletwe.

Akaja mzee mwembamba na ufagio wake, hakuuacha nje kwa kuogopa kuibiwa. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekwisha kufutwa kazi. Afisa akamwuliza anaitwa nani. Mzee akasema jina lake lote. Afisa akamwuliza jina hilo amelirithi kwa nani. Babu yake, mzee akasema, baba ya baba yake. Na baba yake je? Mzee akalitaja. Lilikuwa jina la baba ya afisa. Hapo ikawa maswali ya mto gani, na kijiji gani, na ukoo upi, na haikuonekana kuwa ni ndugu kwa njia yoyote, lakini afisa alikuwa ameshasimama.

"Kumbe wewe ni mimi, wajina," akamwambia.

"Wewe ndiye mimi," mzee akajibu bila kucheka. "Mimi nilianza zamani."

Afisa alicheka hadi akashika meza. Mtu yule wa sauti ya chini alicheka kicheko ambacho kingeshinda mashine zote za misumari. Akaagiza chai, ya wajina wake iwe na maziwa mengi, akamketisha. Akamketisha kwenye kile kiti, kiti cha kompyuta, kwa sababu kingine hakikuwapo. Wakaongea habari za babu zao. Mimi nilisimama kati yao na ukuta, karatasi mkononi, nikitabasamu kila walipocheka, hadi king'ora kikalia. Afisa akanikumbuka.

"Nenda kazini," akaniambia kwa furaha kabisa. "Hiyo mashine yako bado haijui watu."

Ukweli ni kwamba ile programu yangu ilileta ajira. Wiki hiyohiyo mfagiaji alivuliwa ufagio akapewa koti la buluu, akawa tarishi wa ofisi, na afisa hakumwita ila kwa neno wajina. Kompyuta ilifunikwa tena kitambaa chake. Baadaye akaja binti mwenye cheti kutoka Nairobi akakalia kiti, na wala hakuonekana kuitisha mshahara wa waziri. Mashine ya kupakia ikapita kwenye tundu la ukuta bila hata kugusa kingo.

Tarishi mpya ndiye aliyetumwa kutuita wapakiaji ofisini, mmoja mmoja, kuchukua barua za kuachishwa kazi. Alipofika kwangu mashine zilikuwa zinanguruma, kwa hiyo aliniita kwa mkono. Nilijua. Tulipotoka nje kwenye utulivu alisimama, akarekebisha kola ya koti lake, akanitazama kama mtu anayedaiwa.

"Kijana, nilimwambia wajina juu yako," akasema. "Nilimwambia wewe ndiwe ulituonyesha. Akasema anakukumbuka, ulimfurahisha sana."

Nikamshukuru. Alikuwa anasema kweli na alikuwa amejaribu.

Jioni hiyo sikwenda Mwihoko moja kwa moja. Miguu ilinishusha Ruiru, ikanipandisha ngazi za bucha. Niliwaeleza mwalimu na mzee wa Majengo yote yaliyotokea, nikayapamba kidogo, nikaigiza afisa akisoma skrini, na mzee akacheka hadi kofia ikamwanguka. Nilipofika mwisho wa hadithi aliinama akaiokota.

Mwalimu hakucheka.

"Nyinyi mkiwa na wawili wenye jina moja, mnafanyaje?"

"Tunauliza," nikasema. "Wa wapi?"

"Basi nayo iulize."

Alisema hivyo tu. Nikaketi kwenye kompyuta hai, mzee akavuta stuli karibu nami. Ilihitaji neno INPUT, yaani uliza ungoje jibu, ambalo nilikuwa nalijua tangu majuma ya mwanzo, na IF nyingine, ambayo niliijua pia. Hakukuwa na kitu hata kimoja kigeni. Niliandika, na kwa mara ya kwanza tangu nianze chuo, mashine haikunifokea hata kidogo. Nikaandika jina la afisa na la baba yake. Ikauliza: WA WAPI? Kisha ikangoja, alama yake ikiwaka na kuzima.

"Ijibu, kijana," mzee akasema. "Inangoja."

Nikaandika OFISINI. Ikajibu papo hapo, AFISA WA WAFANYAKAZI, kwa herufi kubwa, bila kosa. Mwalimu akawaambia wengine waje waone. Walisimama nyuma yangu, nikairudia kwa jina lilelile, safari hii nikajibu STOO, nayo ikasema kweli. Wakapiga makofi. Nikapiga makofi nao, maana sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono.